Usingizi au Ganzi? Miaka Thelathini na Minne ya Bibi Usingizi

Ijumaa ya tarehe thelathini mwezi huu, saa tisa na nusu alasiri, mtaalamu wetu wa dawa za usingizi atavua viatu vyake vya mpira kwa mara ya mwisho na kukabidhi ufunguo wa kabati la dawa. Atakuwa ameitumikia hospitali hii kwa miaka thelathini na minne, miezi miwili na siku kumi na moja. Hesabu hiyo kaipiga mwenyewe, na anayemfahamu hatathubutu kuihakiki.

Alipoajiriwa aliitwa Dada Usingizi. Alipojifungua mtoto wa pili akapandishwa cheo, akawa Mama Usingizi. Siku hizi hata mfagizi aliyeanza kazi juzi humwita Bibi Usingizi, naye huitika bila kinyongo, ilimradi anayemwita ana jambo la maana la kusema.

Mimi ninayeandika ni muuguzi wa kupokeza vifaa katika chumba cha upasuaji namba mbili. Kwa miaka ishirini na miwili nimesimama hatua mbili kutoka kwake, mimi na meza yangu ya mikasi, yeye na mashine zake. Waandaaji wa sherehe walinipa kurasa chache na kuniomba nisiseme yote. Nitajitahidi.

Alianzia upande wa wazazi, enzi ambazo mgonjwa alipumuliwa kwa kuminya mfuko wa mpira kwa mkono. Wanaokumbuka wanasema alikuwa na kiganja cha chuma na mdomo usiotulia. Kila alichoamriwa alikifanya sawasawa, kisha akauliza kwa nini. Bosi wake wa kwanza alimjibu kwamba ndivyo tunavyofanya hapa. Akasema ahsante, akaenda maktaba, na baada ya siku tatu akarudi na karatasi inayoonyesha kwamba hivyo sivyo inavyofanywa kwingine. Bosi hakufurahi. Ila karatasi aliitunza, na mwezi uliofuata utaratibu ukabadilika kimyakimya, kama vile ulijibadilisha wenyewe.

Alihamia chumba namba mbili mwaka ambao daktari bingwa wa upasuaji wa ubongo aliripoti. Huyo sote tunamwita Mkuu. Kwa wasioujua ugonjwa uliowakutanisha hao wawili, nitaueleza kidogo. Mzee hujigonga kichwa kwenye fremu ya mlango, akajisugua, akasahau. Wiki tatu baadaye mguu unaburuta, kijiko kinamponyoka, maneno yanapotea. Watoto wanasema ni uzee. Kumbe damu imevilia tone kwa tone kati ya fuvu na ubongo, na ubongo unabanwa kama abiria wa kiti cha nyuma. Tiba yake ni upasuaji mdogo, kama upasuaji wowote wa kichwa unastahili kuitwa mdogo. Mkuu hutoboa tundu moja au mawili kwa keekee, kila moja kama kifungo cha koti, anaiosha damu ile, anaacha bomba dogo kwa siku mbili, anashona.

Kwa miaka mingi wagonjwa wote wa namna hiyo walilazwa usingizi kamili: dawa mshipani, mpira kooni, mashine ikiwapumulia. Hakuna aliyehoji. Lakini Bibi Usingizi ana tabia ya kuwafuata wagonjwa wake wodini kesho yake, jambo ambalo si lazima katika kazi yake. Huko aliona kwamba kazi ya Mkuu ilichukua dakika arobaini, ila baadhi ya wazee walichukua siku tatu kurudi duniani. Mmoja alikuwa akiuamkia mlingoti wa dripu kila asubuhi. Bibi Usingizi alikuja kuniuliza: "Ni damu iliyowachanganya, au ni mimi?"

 Swali hilo hospitalini hakuna aliyewahi kulipima.

Kisha akaja fundi cherehani mmoja, umri miaka sabini na minane, mkono wa kulia umelala siku tisa, ulimi mzito, na mapafu yaliyochoka kwa tumbaku ya ujana. Bibi Usingizi alimsikiliza kifua mbele na nyuma, akakunja kipimo chake.

"Mpira wa kupumulia nitauweka," alimwambia Mkuu. "Kuutoa siahidi. Mapafu haya yakipata wa kuyafanyia kazi, hayatarudi kazini."

"Basi tumrudishe wodini," Mkuu alisema. Sote tulijua maana yake. Binti wa fundi alikuwa amesimama mlangoni na begi la nguo za baba yake, naye alijua.

"Kwa nini asipasuliwe akiwa macho? Tumtie ganzi ya ngozi ya kichwa na dawa kidogo ya kumtuliza," Bibi Usingizi alisema.

"Akitikisa kichwa keekee ikiwa ndani?"

"Mtu hutikisa kichwa kwa maumivu au kwa hofu. Maumivu nina dawa yake. Hofu niachie, nitaongea nayo."

Mkuu aliitazama tena picha ya kichwa, nami nikahesabu mikasi yangu upya. Kisha akasema tujaribu, na kwamba akisema simama, kila kitu kisimame.

 Bibi Usingizi aliketi kwenye kigoda karibu na uso wa mzee, chini ya shuka za kijani, akizungumza naye juu ya nguo. Keekee ilipoanza alimwambia ni jirani anatoboa ukuta, hana adabu lakini hatakawia. Damu ilipotoka ilikuwa nyeusi kama oili ya injini iliyochoka. Zikapita dakika chache, nikaona shuka inatikisika upande wa kulia. Vidole vya fundi vilikuwa vinaipapasa.

Halafu akasema, polepole lakini kwa ufasaha: "Pindo hili limepigwa na mtu mwenye haraka."

Mkuu alisimamisha mkono. Nilikuwa nimefanya naye kazi miaka minane na kabla ya siku hiyo sikuwahi kumsikia akicheka ndani ya barakoa. Siku ya nne fundi alitoka kwa miguu yake, akiwa ameahidi kutuletea shuka zenye pindo la kiungwana. Alizileta kweli. Ziko kabatini mpaka leo, na hakuna anayeruhusiwa kuzitumia.

Hospitali nzima ilishangilia. Wengine walianza kusema usingizi kamili sasa basi, ganzi ndiyo dawa. Aliyekataa kushangilia ni mwenye jambo lake. "Mmoja ni hadithi," alisema tukinywa chai. "Nikileta hadithi moja nzuri, kesho mwingine ataleta moja mbaya, na tutashindana kwa sauti. Mimi nataka kujua."

Ndipo alipoanza safari iliyomchukua miaka sita: kulinganisha njia hizo mbili, mgonjwa kwa mgonjwa. Aliandika ombi kwa kamati ya maadili ya utafiti, wakalirudisha. Akaandika tena, wakalirudisha. Mara ya tatu walilirudisha kwa sababu kurasa hazikuwa na namba. Alizitia namba, na kwa usalama akaitia namba hata barua ya maombi, bahasha na risiti ya posta, ndipo ombi likapita.

Kabla ya kumwomba mgonjwa yeyote akubali, alitaka kujua anaomba nini. Akamtaka Mkuu amdunge ganzi kichwani. Ilifanyika mchana kweupe kwenye chumba cha kubadilishia nguo, yeye kakaa kwenye benchi, mimi nimeshika kioo. "Ni nyuki watatu," alitangaza, "halafu kichwa kinakuwa cha mtu mwingine." Toka siku hiyo aliwaambia wagonjwa neno kwa neno: watakuuma nyuki watatu, kisha kichwa kitakuwa cha mtu mwingine. Walimwamini kwa sababu alikuwa ameumwa.

Utaratibu ulikuwa hivi. Mgonjwa aliyekubali, au ndugu yake aliyekubali kwa niaba yake, alifunguliwa bahasha iliyofungwa na mtunza kumbukumbu, mzee mpole ambaye hajawahi kukanyaga chumba cha upasuaji. Ndani ya bahasha mlikuwa na neno moja, usingizi au ganzi. Aliyeonekana wazi hawezi njia mojawapo, kama yule fundi, hakuingizwa. Bahasha zilikaa kwenye kopo la biskuti. Walinuia wagonjwa themanini na wanne, nusu kwa nusu.

Nilimuuliza kwa nini tubahatishe ilhali yeye mwenyewe anaamini ganzi ni bora. Alinitazama kama ninayemkatisha tamaa. "Ninaamini," alisema, "lakini sijui. Hivyo ni vitu viwili, mwanangu." Nina umri sawa na mdogo wake, ila siku hiyo niliukubali huo utoto.

Imani yake ilipata kipigo mwaka wa pili. Dereva wa treni mstaafu, mtu mkubwa na mpole, aliangukia ganzi. Siku iliyotangulia alitaniana na wauguzi. Lakini shuka zilipomfunika uso na keekee ikaanza kunguruma, akili yake iliondoka pale. Alipiga kelele kwamba breki hazishiki, akajaribu kuketi. Mkuu aliichomoa keekee kwa upesi ambao sijauona tena. Watu wanne tulimkamata. Bibi Usingizi akalazimika kumlaza usingizi palepale, kichwa kimeinamishwa upande, shuka kila mahali, akilitafuta koo la mtu kwa kupapasa. Mlio wa mashine ya kupimia hewa ulikuwa unashuka sauti, ishara kwamba hewa mwilini mwake inapungua. Dakika mbili. Mpira ukaingia. Sauti ikapanda.

Dereva alipona, na hakumbuki kitu. Sisi tunakumbuka. Jioni ile mwenzetu mmoja alishauri, kwa nia njema, iandikwe kwamba mgonjwa alibadilishiwa njia kwa sababu za kiufundi. Bibi Usingizi aliandika: ganzi imeshindwa, mgonjwa alikaribia kukosa hewa. Mwandiko wake unaosomeka kama chapa, siku hiyo unasomeka kwa shida. Wiki iliyofuata alimwendea fundi vyuma wa hospitali, wakatengeneza fremu ndogo ya kuinua shuka, ili mgonjwa wa ganzi awe na dirisha na aone uso wa mtu wakati wote. Fremu hiyo tunayo hadi sasa.

Jambo la pili nimeomba ruhusa yake kulisimulia. Alinijibu kwa kifupi: "Liandike, lakini usimpake mume wangu matope."

Mwaka wa tatu mama mkwe wake, anayeishi nao, aliteleza bafuni. Baada ya mwezi mguu wa kushoto ukaanza kuburuta. Kipimo kikaonyesha damu. Mumewe, fundi umeme asiye na maneno mengi, alikuja hospitali akitaka jambo moja tu: mama yake atiwe ganzi na mkewe mwenyewe, basi. Walizungumza kwenye korido, nami nilikuwa nikipita na toroli nikashindwa kupita.

"Ameshaulizwa na daktari mwingine kama atakubali kuingia kwenye utafiti," mkewe alisema. "Ana haki ya kukataa. Akikataa, daktari huyohuyo ataamua. Mimi ni mkwe, sigusi."

"Bahasha gani inayomjua mama yangu kuliko wewe?"

"Hakuna. Lakini ningekuwa najua jibu, nisingekuwa nauliza swali kwa mama za watu."

Mama mkwe mwenyewe alikuwa na akili timamu, ni mguu tu uliogoma. Alisikia yote kupitia mlango wa wodi ulio wazi. Akaita: "Nyie wawili! Kichwa ni changu. Leteni hiyo karatasi nitie sahihi." Alitia. Bahasha ikafunguliwa. Ilikuwa usingizi.

Kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kazi, Bibi Usingizi aliketi kwenye benchi la ndugu, nje ya mlango wenye kioo. Nilipotoka kumwambia kwamba kazi imekwisha salama, nilimkuta ameshika viatu vya mkwe wake mapajani. Mumewe alikaa mwisho mwingine wa benchi.

Mama mkwe aliamka kwa tabu. Siku mbili nzima aliweweseka. Hakumtambua mkaza mwana wake. Alidai ni mtu aliyeingia kumwibia shuka, akamtaka atoke. Mume wa Bibi Usingizi hakumsemesha mkewe siku hizo mbili, isipokuwa kumwambia maji ya chai yamechemka. Fomu ya utafiti ilijazwa na mwingine, kama sheria ilivyotaka. Bibi Usingizi alinijia chumba cha kuoshea vifaa, akasimama akiangalia maji yanavyotiririka. "Kama ningemtia ganzi," alisema, "labda angekuwa anacheka leo. Au labda angefanya kama dereva. Sitajua kamwe, na hilo ndilo linaloniuma." Hakulia. Aliosha kikombe ambacho tayari kilikuwa safi.

Siku ya tatu asubuhi mama mkwe alifungua macho, akamwona mwanawe na mkewe pande mbili za kitanda, akauliza kwa nini wamekaa kama wanaodaiana. Mume alicheka kwanza. Kisha akamwomba mkewe radhi, hapohapo, mbele ya wagonjwa wa vitanda vitano. Mama mkwe huyo sasa ana miaka tisini na mmoja na atahudhuria sherehe yetu. Tafadhali aandaliwe kiti chenye mikono.

Matokeo yalisomwa kwenye ukumbi wa mikutano, viti vimejaa, wengine wamesimama ukutani. Waliotiwa ganzi walikaa chumba cha upasuaji pungufu kwa nusu saa na zaidi. Walirudi nyumbani mapema kwa siku moja na nusu hivi. Walioweweseka walikuwa watano kati ya arobaini na wawili, na upande wa usingizi kumi na watatu. Hapo makofi yakaanza. Akainua mkono yanyamaze, akaendelea. Damu kurudi tena: sita huku, sita kule. Waliofariki ndani ya miezi mitatu: wawili huku, wawili kule. Na kati ya waliotiwa ganzi, sita ilibidi walazwe usingizi katikati ya kazi, mmoja wao kwa hatari kubwa. Huyo mmoja alimsimulia kwa kirefu kuliko ushindi wake wote.

Daktari mgeni aliyeketi mbele akauliza: "Kwa hiyo ganzi imeshinda?"

"Sikuandaa mashindano," alimjibu. "Ganzi inamfaa anayeweza kulala kimya akiwa macho. Asiyeweza, usingizi ni rehema. Na idadi yangu ni ndogo, hospitali ni moja. Mwenye wagonjwa wengi zaidi atupime tena, huenda akatukosoa. Sisi hapa tumejua tu kwamba lazima tumtazame mtu kabla ya kuitazama picha yake ya kichwa."

Tangu hapo kila mgonjwa wa matundu hutembelewa siku moja kabla, kwa saa nzima ikibidi. Wengi sasa hutiwa ganzi. Hospitali nyingine mbili zimetuma watu kuja kutazama, wakaondoka na vipimo vya fremu ya fundi vyuma. Kati ya hayo yote, mwenyewe anajivunia jambo ambalo halimo kwenye ripoti: kwamba Mkuu siku hizi husema "sijui" bila kukohoa kwanza.

Anayempokea kazi ni daktari wa usingizi aliyehitimu miaka minne iliyopita, dada makini, mwenye sauti ya chini. Jumanne iliyopita waliingia pamoja kwa mgonjwa wa mwisho wa Bibi Usingizi, mzee mtanashati, mtulivu, anayetabasamu na kuitikia kila anachoambiwa. Sote tulimwona ni mgonjwa wa ganzi wa vitabuni. Bibi Usingizi alishaanza kuniashiria niandae fremu.

"Mimi ningemlaza usingizi kamili," daktari alisema.

 Mkuu alimtazama Bibi Usingizi. Yeye akaweka mikono nyuma, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya, akauliza: "Kwa nini?"

"Jana nilipomwelezea, aliitikia kila kitu. Nikamuuliza kama ana mzio wa dawa, akaitikia. Nikamuuliza kama anaishi mwezini, akaitikia. Hasikii. Anaona aibu kusema. Akiwa chini ya shuka hataona midomo yetu vizuri, na tukimwambia atulie hatajua."

Bibi Usingizi alimwendea mgonjwa, akasimama nyuma ya kichwa chake ambako hawezi kumwona, akamwita kwa sauti ya kawaida. Mzee aliendelea kuitazama dari, akitabasamu kwa adabu.

"Sikuliona hilo," alisema Bibi Usingizi. Alilisema kwa furaha, kama mtu aliyeokota kitu barabarani. Akasogea pembeni, akampisha mwenzake kwenye kigoda, akabaki amesimama mpaka uzi wa mwisho, akiangalia kila alichofanya. Mzee aliamka vizuri, akili zake zote zipo.

Kwa niaba ya chumba namba mbili, ya wodi zote ulizopita bila kulazimika, na ya wale waliofumba macho mikononi mwako wakayafumbua tena: ahsante, Bibi. Ulitufundisha kazi, na ulituvumilia tulipochoka kuulizwa. Tunakuombea afya, asubuhi zisizo na kengele, na nyumba yenye watu wa kuzungumza nao. Ishi vyema, na lala upendapo, kwa saa uzipendazo, bila mtu kukupima mapigo.